Gunia lenye uvundo na mimba ya punda: mwongozo kwa sisi wenye majike hapa Lamu

Salaam wenzangu. Haya maneno nimekaa nayo muda, sa nimeona niyaandike yote pamoja, manake kila masika naona mtu analeta habari ileile, jike kapandwa mara tatu hashiki, au kashika alafu katupa mimba, au kazaa na kiwele ni kikavu kabisa, na ukiuliza alikuwa anakula nini unaambiwa "mahindi tu, yale yaliyoharibika kidogo".

Mimi mwenyewe yalinipata. Jike wangu Tausi alitupa mimba ya miezi minane hivi, asubuhi ya mvua, nikamkuta nyuma ya kiambaza amesimama hajielewi na kitoto kiko chini, nywele za shingo na mkia ndo zimeanza tu. Wiki kama tatu kabla ya hapo nilinunua gunia bei ya chini, lilikuwa limerowa kwenye mashua likitoka bara, nikafungua nikanusa nikajua kwa watu halifai, nikasema kwa punda sawa. Veti, yaani daktari wa mifugo, alinambia ukweli wake, hawezi kuapa kuwa ni lile gunia, mimba hutoka kwa mapacha, kwa maambukizi, kwa teke, kwa mzigo mzito, na mahindi yenyewe yalikuwa yashaliwa yakaisha kwa hivyo hamna cha kupima. Lakini lile neno "kwa punda sawa" limenikaa rohoni mpaka leo na ndilo ninalotaka tuliache kabisa.

Kabla ya hatua zenyewe elewa kwanza kinachofanyika, bila hivyo utaona ni usumbufu tu. Koga inayoota kwenye nafaka si uchafu wa juu unaopangusa ukaendelea. Baadhi ya kuvu hutoa sumu ndani ya punje, sumukuvu wanaziita, na hiyo sumu hubaki hata kuvu ikishakufa, hata ukianika upya, hata ukipika, moto wa jikoni hauiondoi. Tena gunia linaweza kuonekana safi na sumu imo.

Zile zinazotuhusu ni nne. Ya kwanza ni aflatoksini, ndo maarufu, mwaka 2004 ule upande wa Ukambani watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yaliyowekwa na unyevu, kwa hivyo hii si hadithi ya mbali. Hiyo hupiga ini, na jike ambaye ini lake limechoka anakonda, anakataa chakula, mimba inakosa nguvu, na akinyonyesha sehemu ya sumu inapita kwenye maziwa inaenda kwa mtoto. Ya pili inaitwa zearalenoni, na hii ndo ya uzazi hasa, manake inajifanya estrojeni, homoni ya kike, mwili unadanganyika. Kwa nguruwe imeonekana wazi sana, uke unavimba, mzunguko unavurugika. Kwa farasi jike ushahidi si mzito vile, kuna majaribio waliwapa kiwango kidogo kwa siku chache na mzunguko haukuyumba, ila imeonekana pia kuwa chembe za ovari ya farasi zinaathirika nayo maabara. Mimi nasoma hivi: mlo mmoja mbaya haumalizi uzazi wa jike, lakini kumlisha uvundo kila siku miezi na miezi ni kumchezea homoni zake.

Ya tatu fumonisini. Hii haina habari na mimba, hii inaua mama mwenyewe. Farasi na punda ndo dhaifu kabisa kwake kushinda wanyama wengine wa nyumbani, inayeyusha sehemu ya ubongo, mnyama anayumba, anazunguka duara, haoni, mdomo unalegea, na baada ya siku moja mbili amekufa, dawa hakuna. Mwaka 1971 watafiti walichukua kuvu kutoka kwenye mahindi mabovu ya Misri wakawalisha punda, ugonjwa ukatokea vilevile, yaani ilithibitishwa kwa punda kama hawa wetu. Marekani wanashauri mahindi ya farasi na punda yasizidi sehemu 5 za fumonisini kwa milioni na yasizidi sehemu ya tano ya chakula chote, na hapo kwetu kuna watu wanampa punda mahindi matupu kutwa nzima.

Ya nne ni sumu za egoti, nayo egoti ni kuvu. Hii wameiumia sana wenye farasi Marekani, kule kuna nyasi moja inaitwa feskyu na kuvu inaishi ndani ya jani huioni kwa macho, jike mwenye mimba akila miezi ya mwisho basi prolaktini inashuka, ile homoni ya maziwa, anapitiliza siku zake, kondo la nyuma linakuwa nene, mtoto anakuwa mkubwa lakini hana nguvu, na mama hana tone la maziwa. Hiyo nyasi si ya pwani yetu. Lakini egoti inaota pia kwenye mashuke ya nafaka, na mtama na mawele hayajasalimika, ukiona shuke la mtama linatoa utomvu unaonata kama asali alafu baadae kunatokea vipembe vigumu badala ya punje, hilo usimpe jike hata kama ni bure.

Haya, sasa hatua.

Hatua ya kwanza: jua jike ana mimba ya lini

Hii wengi tunaipuuza, dume anazurura mtaani, jike anazurura mtaani, nani anajua. Lakini bila tarehe huwezi kujua kama amepitiliza au la. Punda si farasi. Farasi hubeba kama siku 340, miezi kumi na moja, punda hubeba karibu mwaka mzima na wengine wanazidisha wiki kadhaa na mtoto akatoka salama, kwa hivyo ukisoma mambo ya farasi kwenye simu usije ukaanza kuhangaika bure. Jike akiwa kwenye joto utamuona anatafunatafuna mdomo bila chakula, masikio nyuma, mkia juu, anakojoa kidogo kidogo, na hurudia kila siku 23 au 24 hivi. Andika ukutani kwa mkaa kama huna daftari, tarehe aliyopandwa, tarehe aliyorudi joto. Jike anayerudi joto bila mpangilio, leo siku 12 kesho siku 40, au uke umevimba na kiwele kimejaa na unajua hana mimba, huyo mpeleke aangaliwe na ukaguzi wa chakula uanze siku hiyohiyo.

Hatua ya pili: hesabu kila kitu kinachoingia mdomoni

Kila kitu, si mahindi tu. Kaa naye siku moja kuanzia asubuhi mpaka magharibi umfuate kama huna kazi, wallahi utashangaa. Mimi nilidhani Tausi anakula nyasi na mahindi, kumbe anapita nyuma ya mikahawa anapewa mikate iliyoota kijani, anapita jikoni kwa watu anakula machicha ya nazi ya juzi, alafu jioni anamalizia jaani. Machicha yakilala siku moja na joto letu hili yashaanza kuchacha. Mashudu ya mbata na ya karanga nayo yanapenda sana aflatoksini kama hayakukaushwa vizuri.

Na pumba. Hapa nisikilizeni vizuri kwa sababu ndo kosa kubwa la mji mzima. Mahindi yakikobolewa, sumu nyingi inabaki kwenye ganda na kiini, ule unga mweupe wa ugali unatoka na kidogo na pumba zinatoka na nyingi. Mahindi ambayo mtu amekula akawa salama, pumba zake zinaweza kuwa na sumu mara kadhaa zaidi, na hizo pumba ndo tunajaza kwenye debe tunampa jike mwenye mimba tukijua tunamtunza. Sisemi usimpe kabisa, nasema zisiwe ndo chakula chake, na zile za kuzolewa chini ya mashine zilizochanganyika na vumbi la wiki nzima uziache hukohuko.

Punda kwa asili yake ni mla majani makavu na matawi. Wa kilo 130 hivi, ambao ni saizi ya wengi wa hapa, kilo 2 za nyasi kavu nzuri kwa siku zinamtosha kama hafanyi kazi ngumu. Mwenye mimba miezi mitatu ya mwisho muongezee kizuri, manake mtoto hukua sana wakati ule, na akibeba mchanga na mawe pia ongeza, lakini kizuri nimesema.

Hatua ya tatu: kagua gunia kabla hujatoa pesa

Usikague juu tu. Ingiza mkono mpaka chini pembeni, pale gunia lilipokaa kwenye maji ya mashua ndo kunaharibika kwanza. Ukihisi joto ndani, acha. Ukitoa konzi punje zimeshikana, acha. Nusa kabla pua haijazoea vumbi, uvundo wa chumba kilichofungwa ndo wenyewe. Rangi ya kijani au manjano ya ungaunga mara nyingi ni ndugu wa aflatoksini, na uwaridi au weupe wa pamba kwenye punje ni ule ukoo unaotoa zearalenoni na fumonisini. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na dumuzi, nyepesi, hizo ndo hubeba sumu nyingi, kwa hivyo hata gunia zuri pepeta, chagua, tupa makapi. Ukimwaga punje kwenye ndoo ya maji zinazoelea ziondoe, hiyo hupunguza, haimalizi, na zilizobaki lazima zilishwe siku hiyo au zikaushwe sawasawa, usizirudishe gunia zimerowa ukawa umefanya kazi ya kuvu.

Mwenye duka akikwambia "kwa punda haina shida", mwambie shida iko.

Hatua ya nne: jaribio la chumvi

Mahindi ya kuweka yanatakiwa unyevu usizidi asilimia 13.5. Kipimo cha mashine ukikipata vizuri, ukikosa fanya hivi. Chukua chupa ya kioo yenye mfuniko, kavu kabisa, ya sosi au ya soda kubwa, tia punje mpaka thuluthi, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika nzima, alafu iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, hayafai kuwekwa. Isipoganda, sawa.

Ila kwetu kuna jambo moja, chumvi ya Lamu yenyewe iko majimaji, upepo wa bahari umeishika, unaweza kufanya jaribio ukaona inaganda ukarudisha mahindi mazuri. Kaanga chumvi kwanza kwenye sufuria kavu mpaka iwe inakimbia yenyewe kwenye kijiko, iache ipoe kwenye chupa iliyofungwa, ndo uitumie. Na chupa ukiiosha ianike juani kutwa.

Mahindi yakigoma kipimo, anika kwenye turubai au mkeka, si kwenye udongo, kuvu wako kwenye udongo. Tandaza nyembamba, geuza kila baada ya saa moja mbili, jua likianza kupoa funika kabla umande haujashuka. Wakati wa kaskazi kazi hii ni ya siku mbili tatu tu. Masika ikishika, mwezi wa tano ule mvua haikatiki, huwezi kukausha kitu, ndo nasema kununua mengi mwezi wa tano kwa ajili ya punda ni hasara, nunua kidogo kidogo ya wiki.

Hatua ya tano: stoo

Sitasema mengi, vitu ni vichache. Gunia lisiguse sakafu wala ukuta, kuta zetu za mawe ya matumbawe zinavuta unyevu na kutoa jasho usiku. Panga mawe, juu yake boriti za mikoko, juu yake ndo magunia, na uache upana wa mkono mmoja kutoka ukutani. Makuti yanayovuja yatengenezwe kabla ya kusi. Mifuko ya PICS ile yenye matabaka matatu ni mizuri sana, hewa haiingii wadudu wanakufa, lakini inataka mahindi makavu tayari, ukifungia mabichi umefungia maradhi ndani. Nyasi nazo zilizokatwa na mvua zikafungwa mabunda mabichi huota koga katikati, fungua bunda uangalie moyo wake, na vumbi la kuvu hata bila sumu hukoroga mapafu ya punda, na kuvu wenyewe wakifika kwenye kondo wanaweza kuwa sababu ya mimba kutoka. Kumwagia maji nyasi zenye koga hupunguza vumbi, sumu iko palepale.

Kwa wenzetu wanaolima Mpeketoni na Witu, ile Aflasafe ya kumwaga shambani kabla mahindi hayajakomaa ni kitu kizuri, inaweka kuvu wasio na sumu wachukue nafasi ya wale wenye sumu. Inapunguza aflatoksini tu, hizo nyingine haizigusi.

Hatua ya sita: umegundua ashakula, ufanye nini

Ondoa kile chakula leo, si kesho likiisha. Lakini, na hapa naomba usome mara mbili, usimshindishe jike mwenye mimba na njaa ukidhani unamsafisha tumbo. Punda akikaa bila kula mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye damu, ini linazidiwa, na jike mwenye mimba au anayenyonyesha ndo rahisi zaidi kupatwa, anaweza kufa katika siku chache, na nshaona mtu anaokoa mimba anapoteza mama. Toa kibaya na wakati huohuo weka kizuri mbele yake, nyasi kavu safi, maji safi mengi. Akikataa kula kutwa nzima hiyo ni dharura, si tabia.

Andika dalili unazoona: hamu ya kula, macho na fizi kama zina manjano, anayumba au la, uke, kiwele. Yumbayumba, kuzunguka, kupofuka ghafla, mpigie veti usiku huohuo na ujikinge, punda wa namna hiyo anaweza kukuangukia bila kukusudia.

Alafu weka sampuli. Mimi nililia kwa kukosa sampuli. Chukua konzi kutoka juu, kati, chini, pembeni, magunia yote, changanya upate kama kilo 2, weka kwenye mfuko wa karatasi au wa kitambaa, si nailoni manake nailoni hutoa jasho na kuvu wanaendelea, andika tarehe na ulikonunua. Sumu haikai sawa kwenye gunia, konzi moja inaweza kuwa safi na ya pembeni yake imejaa, ndo maana ya kuchukua kila mahali.

Udongo wa kunasa sumu wanaoita bentonaiti upo na hushika aflatoksini vizuri, zearalenoni na fumonisini hauzishiki vile. Kwa hivyo asikuuzie mtu kopo akakwambia sasa unaweza kulisha chochote.

Hatua ya saba: miezi ya mwisho na siku ya kuzaa

Miezi mitatu ya mwisho hakuna pumba za wasiwasi, hakuna mikate, hakuna jaani, mfunge uani kama lazima ukamletee nyasi. Na mzigo umpumzishe, hilo halina uhusiano na kuvu lakini siwezi kupita bila kulisema.

Kiwele huanza kujaa wiki mbili mpaka nne kabla ya kuzaa, chuchu zikitoa kitu kama nta siku zimekaribia. Tarehe imefika na kiwele kiko bapa, usingoje azae ndo utafute maziwa. Muite veti mapema, kwa farasi waliokula egoti hutumia dawa inaitwa domperidoni inayorudisha maziwa na yeye ndo ataamua kama inamfaa wako na kwa kipimo gani, usitafute ya binadamu ukajipimia. Na wewe tafuta jirani mwenye jike aliyezaa karibuni, muombe dang'a, yale maziwa ya kwanza. Mtoto wa punda kama wa farasi huzaliwa bila kinga, kinga yote iko kwenye dang'a, na tumbo lake huipokea vizuri saa 12 za mwanzo, ikipita siku moja mlango ushafungwa, hata ukimpa ndoo nzima haimsaidii kwa kinga.

Wakati wa kuzaa kinachotangulia kiwe kifuko cheupe cha kung'aa. Ukiona kimetokea kifuko chekundu kama mahameli, kondo limebanduka kabla ya wakati na mtoto anakosa hewa humo ndani, hamna wakati wa kupiga simu kwanza, kipasue kwa kisu kisafi kwa uangalifu usimkate mtoto, alafu umvute mtoto kila mama anaposukuma, simu apige mwingine. Egoti ni mojawapo ya vinavyoleta hali hiyo, ingawa si yenyewe tu.

Mtoto mzima husimama ndani ya saa moja au mbili na kunyonya kabla ya saa ya tatu kupita. Kondo la nyuma litoke ndani ya saa tatu. Halijatoka? Usivute, usifunge jiwe, ita mtu. Likitoka litandaze uliangalie, liwe zima, na kama ni nene zito kuliko kawaida mwambie veti.

Hatua ya nane: akitupa mimba

Vaa glavu, ukikosa vaa mifuko ya nailoni mikononi. Baadhi ya maradhi yanayotoa mimba humpata binadamu, mama mwenye mimba na watoto wakae mbali. Mtenge jike na wenzake. Kitoto na kondo weka kwenye mfuko, mfuko ndani ya mwingine, alafu kwenye barafu. Barafu tunayo, wavuvi wanayo kila siku, kasha la samaki la zamani linatosha. Visigandishwe viwe jiwe, vipoe tu, na viondoke siku hiyohiyo. Kliniki ya Donkey Sanctuary, lile shirika la kutunza punda, iko hapa mjini tangu 1987 na inatibu punda bila malipo, anzia hapo, na maabara ya serikali ya uchunguzi wa mifugo kwa pwani iko Mariakani, veti atajua kipi kiende wapi. Chakula chake nacho peleka pamoja.

Na msikimbilie kusema ni kuvu kabla ya kupima. Mwaka 2001 kule Kentucky farasi jike walitupa mimba kwa maelfu katika msimu mmoja, wataalamu wakashuku sumukuvu za malishoni kati ya vitu vya kwanza kabisa, mwisho ikaja kuonekana ni viwavi, majike walikuwa wanakula viwavi pamoja na nyasi. Kama wangebaki na jibu la kwanza wangebadilisha nyasi na viwavi wangebaki palepale. Kama kwako ni maambukizi na wewe unahangaika na stoo tu, jike wa pili ataharibikiwa vilevile.

Jike aliyetupa mimba apumzike, asibebe, asipandwe mpaka aangaliwe kizazi. Tausi nilimpumzisha miezi minne, chakula nikabadilisha kidogo kidogo kwa siku kumi hivi, sa hivi ana mimba nyingine mwezi wa tisa, kiwele bado hakijaanza, nakagua kila asubuhi.

Lile gunia baya sasa

Umeshaligundua, usiliuze, usimpe kuku, usimpe mbuzi, usimpe ng'ombe wa maziwa manake itarudi kwenye chai yako. Na usilimwage jaani wala ufukweni, jaani ndo wanakoshinda majike ya watu wasio na uwanja wa kufungia, usiku mmoja wanamaliza. Mimi la kwangu la mwisho nilichimba shimo kimo cha kiuno upande wa shamba mbali na kisima, nikamwaga, nikachanganya na majivu, nikafukia, juu nikaweka mawe mazito, manake punda akisikia harufu ya mahindi atafukua.

Ukikosa pa kuchimba niambie, shimo langu bado lina nafasi.